Karatasi Iliyodondoka Jikoni: Nyumba Kubwa za Ayalandi, Makabaila na Wapangaji Wao



Naomba tuanzie jikoni. Katika mji mdogo wa Strokestown, kaunti ya Roscommon, kuna jumba la karne ya 18 ambalo jiko lake lina roshani ya ndani. Roshani hiyo imepita juu ukutani, na anayesimama pale huona majiko yote na meza zote za kukatia nyama bila kugusana na mtu. Kila Jumatatu asubuhi bibi wa nyumba alisimama hapo, akadondosha karatasi yenye orodha ya vyakula vya wiki nzima. Mpishi akaiokota chini. Amri ilifika, mvuke wa masufuria haukumpata bibi, na hakuna aliyelazimika kusemezana na mwenzake.

Nimewaletea karatasi hiyo kwa sababu nina hoja moja tu jioni hii, nayo ni hoja ya kikarani. Nyumba hizi, ambazo watalii huzipiga picha nguzo na bustani, zilisimama juu ya makaratasi: hati ya kugawiwa ardhi, daftari la kodi, notisi ya kuhama, na mwisho hati ya mauzo. Husimuliwa sana kwamba moto ndio uliozimaliza. Mimi nasema moto ulikuta marehemu.

Waayalandi wenyewe huliita jumba la namna hii Nyumba Kubwa. Kwa lugha yao ya asili ni Teach Mór, na maana ni hiyohiyo. Najua kwetu jina hilo lina kazi nyingine, na naona waume wawili watatu hapo nyuma wameinamisha vichwa. Tuwasitiri, tuendelee. Huko, Nyumba Kubwa ni makao ya kabaila, mwenye ardhi yote unayoiona kutoka dirishani na pengine hata usiyoiona. Haikuwa lazima iwe kasri. Nyingine zilikuwa na vyumba kumi hivi. Ukubwa wake ulitokana na majirani. Sensa ya 1841 iliziweka karibu nyumba mbili katika kila tano za nchi ile kwenye daraja la nne, yaani kibanda cha udongo cha chumba kimoja. Ukizungukwa na vibanda hivyo, nyumba ya vyumba kumi inakuwa mlima.

Ardhi ilitoka wapi? Ilinyang'anywa. Malkia Elizabeth I aliigawa Munster, kusini, miaka ya 1580. Kuanzia 1609 ikafuata Ulster, kaskazini. Kisha akaja Oliver Cromwell, aliyetua Dublin Agosti 1649 na jeshi lake. Askari na wakopeshaji wa vita ile walilipwa kwa mashamba ya Wakatoliki. Mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki takriban asilimia 60 ya ardhi ya Ayalandi. Ilipofika 1703 walikuwa wamebaki na asilimia 14 hivi. Sheria ya 1704 ikaja kupiga komeo: Mkatoliki asinunue ardhi, asikodi kwa zaidi ya miaka 31, na akifa shamba lake ligawanywe kwa wanawe wote wa kiume, ila yule mkubwa akiwa Mprotestanti achukue lote. Msikilizaji anayejua kesi za mirathi ataona mara moja ustadi wa aliyeiandika. Hakuhitaji askari. Alihitaji vizazi vitatu na watoto wengi.

Lakini msidhani kila kabaila alikuwa Mwingereza aliyeshuka melini na upanga. Jumba kubwa kabisa la karne ile, Castletown, kaunti ya Kildare, lilianza kujengwa 1722 na William Conolly, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni huko Donegal, na jina la ukoo wake ni la wenyeji. Alikuwa mwanasheria. Alitajirika kwa kununua na kuuza ardhi zilizotwaliwa baada ya vita vya Mfalme William na Mfalme James, akawa Spika wa Bunge la Ayalandi tangu 1715, akamwita Mtaliano Alessandro Galilei amchoree uso wa nyumba. Alikufa 1729 nyumba haijaisha, wala hakuacha mtoto. Baridi kali ilipoleta njaa mwaka 1740, mjane wake Katherine aliwaajiri wenye njaa wajenge mnara wa mawe wa zaidi ya mita 40, usio na kazi yoyote isipokuwa kupendeza kwa mbali. Hadi leo unaitwa Upuuzi wa Conolly. Miaka mitatu baadaye alijenga kitu kingine: ghala la nafaka lenye umbo la pia iliyopinduliwa, ngazi yake ikizunguka kwa nje hadi juu. Anayetaka kumhukumu bibi yule avipime vyote viwili, mnara na ghala, wala asianze na kile kinachoikubali hasira yake.

Sasa kodi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaoandika juu ya majumba haya huwa wanaruka ukurasa huu kukimbilia mapambo ya dari.

Kabaila mara nyingi hakukodisha shamba moja kwa moja kwa mlimaji. Alimpa mtu wa kati eneo kubwa kwa mkataba mrefu na kodi ya kudumu. Mtu wa kati akalikata vipande, akavikodisha kwa bei ya juu zaidi. Aliyekodi kipande akakikata tena. Chini kabisa alikuwepo kibarua aliyepewa kijipande cha kupanda viazi na mahali pa kusimika kibanda, akilipa kwa siku za kazi. Kila tabaka lilikula kwenye mgongo wa lililo chini yake, na mtu wa chini kabisa ndiye aliyelipa ghali kuliko wote kwa kila ekari. Juu yao alizunguka wakala wa kabaila na daftari lake. Wapangaji wengi hawakuwahi kuuona uso wa bwana mwenye ardhi. Uso wa wakala waliuota usiku.

Kodi ilidaiwa mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mpangaji mpya aliruhusiwa kuchelewesha ile ya miezi sita ya kwanza. Inaonekana hisani, sivyo? Maana yake ni kwamba tangu siku anaingia hadi siku anazikwa alikuwa mdaiwa wa miezi sita, na mdaiwa hana mdomo. Waliiita kodi inayoning'inia. Wengi hawakuwa na mkataba wa maandishi. Walikaa kwa radhi ya mwenye ardhi, na radhi hiyo iliweza kwisha kwa notisi. Mtu akikausha kinamasi, akijenga ukuta, akitia dirisha, alikuwa ameongeza thamani ya mali isiyo yake, na sehemu nyingi isipokuwa Ulster, ambako desturi ilimlinda kidogo, malipo ya jasho hilo yalikuwa kupandishiwa kodi. Wasafiri wa Kiingereza waliandika vitabu wakishangaa uvivu wa Mwayalandi asiyetengeneza nyumba yake. Hawakuuliza bei ya dirisha.

Na mtu huyu alikula nini? Viazi mviringo, au mbatata kama wasemavyo watu wa pwani. Ekari moja ya mbatata iliweza kuishikilia familia sehemu kubwa ya mwaka, jambo ambalo ekari moja ya ngano isingeliweza. Shayiri na ngano alilima pia, lakini hizo zilikuwa za sokoni, zigeuke fedha ya kabaila. Hata nguruwe aliyelala pembeni ya jiko hakuliwa: kwa utani walimwita bwana mlipa kodi. Kwa hiyo nchi iliyokuwa ikipakia nafaka na mifugo melini ilikuwa na watu milioni tatu hivi, katika milioni 8 na zaidi, ambao chakula chao kilikuwa zao moja.

Mnamo Septemba 1845 majani ya mbatata yalianza kuwa meusi. Ni ugonjwa uleule ambao wakulima wetu wa viazi huko Njombe na Mbeya wanaujua kwa jina la bakajani chelewa, ule unaowafanya wapulizie dawa kila mvua inapokatika. Wao hawakuwa na dawa. Mwaka 1846 ukachukua karibu mavuno yote.

Serikali ya London ilileta sheria mpya ya maskini mwaka 1847, na vifungu viwili katika mfumo ule vilifanya kazi kama mkasi. Kimoja kilisema mwenye kushikilia zaidi ya robo ekari asipewe msaada. Anayetaka uji aachie shamba kwanza. Kilipendekezwa na mbunge William Gregory, bwana wa Coole Park kaunti ya Galway, na historia imekiita kwa jina lake. Cha pili, kilichokuwapo tangu awali, kilimtaka kabaila alipe ushuru wa maskini kwa kila kipande chenye thamani ya pauni 4 kwenda chini. Hapo hesabu ikageuka. Mpangaji mdogo, aliyekuwa chanzo cha mapato, akawa deni linalopumua. Mwenye ardhi aliyetaka kupunguza ushuru alibomoa vibanda. Wengine hata hawakusubiri sheria: tarehe 13 Machi 1846, huko Ballinlass, Galway, watu 300 hivi walitolewa na nyumba zao kubomolewa ili ardhi iwe malisho ya ng'ombe, nao walikuwa tayari kulipa kodi.

Turudi Strokestown, kwenye lile jiko lenye roshani. Mwaka 1845 shamba lile lilirithiwa na Meja Denis Mahon. Alirithi na madeni, na kodi zilizolala, na vipande vilivyokatwa hadi vikawa kama leso. Wakala wake, jamaa yake John Ross Mahon, alikaa na kalamu, akamwonyesha kwamba kumlipia mtu nauli ya meli hadi Kanada ni nafuu kuliko kumlisha mwaka mmoja katika nyumba ya maskini. Mnamo 1847 watu 1,490 walitoka Strokestown kwa miguu, wake kwa waume na watoto, wakifuata ukingo wa Mfereji wa Royal hadi Dublin, safari ya siku kadhaa, wakisindikizwa na mtu wa shamba wa kuhakikisha kwamba wanapanda meli. Kutoka Dublin wakavushwa hadi Liverpool. Kutoka Liverpool, Quebec. Meli iliyoitwa Virginius iliondoka na abiria 476. Watu 158 walifia baharini, na wengi walioshushwa kwenye karantini ya kisiwa cha Grosse Île hawakusimama tena.

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1847 Mahon alikuwa akirudi nyumbani kwa gari la farasi kutoka kikaoni mjini Roscommon. Alipigwa risasi njiani, akafa. Magazeti ya London yaliwaka: kabaila mwema, aliyewalipia watu nauli kutoka mfukoni mwake, ameuawa na wasio na shukrani. Watu wawili walinyongwa. Askofu wa Elphin akajibu kwa silaha ileile ya kabaila, yaani orodha: mwaka 1848 alichapisha majina ya familia zilizofukuzwa katika ardhi ya Mahon, jumla ya watu zaidi ya 3,000.

Mahon hakuwa jini. Barua zake si za mtu anayefurahia. Alikuwa mtu mwenye hesabu isiyolingana, akatafuta njia ya kuilinganisha, na watu ndio waliokuwa upande wa matumizi. Mimi namwona wa kutisha zaidi kwa sababu hiyo. Bwana katili utamjua kwa fimbo yake. Huyu alitumia jedwali.

Njaa ile iliua watu wapatao milioni moja na kuwatoa nchini wengine zaidi ya milioni moja. Kati ya 1849 na 1854 peke yake polisi waliandikisha karibu watu robo milioni waliofukuzwa moja kwa moja. Na makabaila? Wengi walifilisika. Sheria ya 1849 iliruhusu mahakama kuuza mashamba yenye madeni, na kufika 1857 yalikuwa yameuzwa kiasi cha 3,000. Wanunuzi walio wengi walikuwa Waayalandi, wenye maduka na mawakili, nao walitaka faida ya fedha yao. Mpangaji aliyedhani amepona kabaila wa Kiingereza alikutana na binamu yake.

Sasa niwape cha kuchekesha kidogo, maana naona nyuso zimekunjamana.

Sisi tuna msemo: ukisusa, wenzio twala. Ni msemo wa kumkatisha tamaa anayenuna. Mwaka 1880 wakulima wa kaunti ya Mayo waliutafutia dawa. Aliyewapa sababu ni Charles Boycott, aliyejiita kapteni, wakala wa kabaila Lord Erne kwenye ardhi iliyo kando ya ziwa Lough Mask. Mavuno yalikuwa mabaya, wapangaji wakaomba wapunguziwe robo ya kodi, wakaambiwa asilimia kumi inatosha. Mnamo Septemba Boycott alimtuma mpeleka notisi kuwafukuza kadhaa. Wanawake wa kijiji walimpokea kwa mawe, tope na samadi, akarudi mbio. Siku tatu kabla, mjini Ennis, mwanasiasa Charles Stewart Parnell alikuwa amewaambia wakulima wasimdhuru mtu. Wamtenge tu, kama mkoma, barabarani, dukani, hata kanisani. Basi Boycott akatengwa. Vibarua wakaacha kazi. Mhunzi hakumpigia farasi njumu. Dobi hakufua. Mwenye duka hakuuza. Mleta barua hakufika. Viazi na shayiri vikabaki shambani.

Waliomuunga mkono Boycott wakaleta wavunaji 50 kutoka Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari na polisi karibu 1,000 waliopiga mahema kwenye majani ya Boycott na kuyatifua yakawa matope. Inakadiriwa kwamba ulinzi ulikula pauni 10,000 ili kuokoa mazao ya pauni 500 hivi. Boycott aliondoka kabla mwaka haujaisha, akiwa ameacha jina lake katika kamusi ya Kiingereza. Siri ya ushindi ule ni hii: walisusa, na wakahakikisha hakuna mwenzio wa kula. Aliyeingia shamba la aliyefukuzwa alitengwa vilevile. Bila hilo wangekuwa wamenuna tu.

Nyuma ya jambo lile ilikuwepo Jumuiya ya Ardhi iliyoundwa Oktoba 1879, na roho yake ilikuwa Michael Davitt. Familia ya Davitt ilitimuliwa shambani Mayo yeye akiwa na miaka minne. Wakahamia Uingereza, na akiwa na miaka 11 mashine ya kiwanda cha pamba ilimkata mkono. Rais wa jumuiya hiyohiyo alikuwa Parnell, na Parnell alikuwa kabaila. Nyumba yake, Avondale, iko kaunti ya Wicklow hadi leo. Nyumba Kubwa zilizaa wapinzani wake zenyewe, tena wakali. Constance Markievicz, binti wa Lissadell kaunti ya Sligo, aliyelelewa kupanda farasi na kucheza dansi, alibeba bastola katika uasi wa 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, na Desemba 1918 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Uingereza, ingawa hakwenda kukaa humo. Ndugu zetu wa Kongo watamjua mwingine: Roger Casement, konseli wa Uingereza aliyepanda mto Kongo mwaka 1903 na kuandika ripoti iliyoanika mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold. Sehemu ya ujana wake ilipita Magherintemple, nyumba ya ukoo wa baba yake huko Antrim. Waingereza haohao waliomtunuku walimnyonga London Agosti 1916.

Sasa tufike kwenye kifo chenyewe. Mwaka 1881 serikali ya Gladstone ilikubali mahakama zipange kodi ya haki, na mpangaji anayelipa asifukuzwe. Siku ile kabaila alipoteza kalamu ya daftari lake. Mwaka 1903 ikaja Sheria ya Wyndham, iliyoitwa kwa jina la waziri aliyeipeleka bungeni. Serikali ilimkopesha mpangaji fedha yote ya kununua shamba, ailipe kidogokidogo kwa miaka 68 na nusu. Na kabaila anayeuza akapewa nyongeza ya asilimia 12 juu ya bei. Waliuza. Wangeachaje? Kodi ilikuwa ikishuka na kudai kulikuwa kugumu, na hii ilikuwa fedha taslimu, tena wakaruhusiwa kubaki na nyumba na bustani inayoizunguka. Mwaka 1870 ni asilimia 3 tu ya wakulima wa Ayalandi waliokuwa na ardhi yao wenyewe. Kufika 1929 waliokuwa na yao walizidi asilimia 97. Sijui mapinduzi mengine ya ardhi ya ukubwa ule yaliyofanywa kwa malipo ya polepole.

Fikirini sasa hali ya nyumba yenyewe. Ina paa la ukubwa wa uwanja, vyumba arobaini, madirisha yanayotaka rangi, watumishi wanaotaka mshahara, na mto wa kodi uliokuwa ukiilisha umehamishwa. Kabaila ana fedha benki. Baadhi walizitumia vizuri. Wengi walilipa madeni, mahari za mabinti, na kilichobaki wakakiweka kwenye hisa ambazo vita vya 1914 vilizitafuna. Vita hivyohivyo vilikula na warithi. Nyumba ikabaki na mama mzee, mbwa na ndoo za kukinga matone.

Hapo ndipo moto ulipoingia. Mwanahistoria Terence Dooley amehesabu, katika kaunti 26 zilizokuja kuwa taifa huru, nyumba 76 zilizochomwa wakati wa vita vya uhuru, kuanzia Januari 1920 hadi Julai 1921, na 199 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia Januari 1922 hadi Aprili 1923. Idadi ya pili inapita mara mbili ya kwanza. Waayalandi walichoma majumba zaidi walipokuwa wakipigana wao kwa wao kuliko walipopigana na Mwingereza. Baadhi yalichomwa kulipiza kisasi, baadhi yasigeuzwe kambi, na baadhi, tuseme ukweli, kwa sababu jirani aliitamani ile ardhi iliyobaki.

Na moto haukuchagua. Moore Hall, Mayo, ilikuwa ya ukoo wa Wakatoliki, iliyojengwa miaka ya 1790 kwa fedha ya biashara ya mvinyo huko Alicante, Hispania. John Moore wa nyumba ile aliwekwa na Wafaransa kuwa rais wa jamhuri ya muda mfupi ya Connacht katika uasi wa 1798. George Henry Moore, mwaka 1846 wa njaa, farasi wake Coranna alishinda mashindano ya Chester, naye fedha nyingi alizoshinda akazielekeza kuwanusuru wapangaji wake; mwaka uliofuata akashirikiana na wenzake kuleta meli ya unga kutoka Marekani. Ikiwa kulikuwa na nyumba ya kusamehewa, ni ile. Tarehe 1 Februari 1923 ilichomwa, kwa kuwa Kanali Maurice Moore wa ukoo uleule alikuwa seneta wa serikali mpya. Leo kuta zake zimesimama bila paa, na wakazi wake ni popo wa aina adimu wanaolindwa na sheria. Hata halmashauri inayoimiliki sasa haiwezi kuwatoa.

Zilizosalimika na moto hazikusalimika na hesabu. Nyumba isiyo na paa haikutozwa ushuru wa halmashauri, basi watu waliezua mapaa, wakauza risasi ya mifereji na mbao za sakafu, wakaiachia mvua kazi iliyobaki. Coole Park ya William Gregory mnaikumbuka, yule wa robo ekari. Mjane wake Augusta, Lady Gregory, aliigeuza kuwa kambi ya waandishi, na akiwa na W. B. Yeats wakaanzisha ukumbi wa Abbey mjini Dublin, uliofunguliwa 1904. Nyumba ilibomolewa 1941, mawe yakauzwa. Umebaki mti ambao wageni wake walichonga vifupisho vya majina yao kwenye gome. Bowen's Court, ambayo mwandishi Elizabeth Bowen aliiandikia kitabu kizima, aliiuza 1959 kwa kushindwa gharama. Mnunuzi alitaka ardhi na miti, na 1961 ikabomolewa.

Nyingine ziliokolewa na fedha ya mbali. Russborough, Wicklow, ilijengwa kuanzia 1741 kwa mtoto wa mtengeneza bia. Mwaka 1952 ilinunuliwa na Sir Alfred Beit, ambaye utajiri wa ukoo wake ulianzia kwa ami yake aliyeitwa pia Alfred Beit, mshirika wa Cecil Rhodes katika almasi na dhahabu ya Afrika Kusini. Madereva wetu wanaoteremsha malori hadi Johannesburg hulivuka daraja lenye jina hilo juu ya mto Limpopo. Kwa hiyo paa la Russborough, pamoja na mchoro wa Vermeer uliotundikwa chini yake na ulioibwa mara mbili, lilizuiwa lisivuje kwa jasho la machimboni Kimberley. Wageni wanaolipa kiingilio wanaonyeshwa dari ya plasta. Ningependa waonyeshwe na hilo.

Nimalizie pale tulipoanzia. Mwaka 1979 mfanyabiashara wa Strokestown, mtu wa magari na malori, alinunua shamba la akina Mahon akitaka nafasi ya kuegesha malori yake. Ndani ya jumba alikuta makaratasi. Si sanduku moja: yalikuja kuhesabiwa zaidi ya 50,000. Katika hayo aliokota ombi la wapangaji wa mahali paitwapo Cloonahee, la Agosti 1846, wakieleza njaa yao na kuomba kazi. Aliacha habari ya malori, akang'ang'ania makaratasi yasitoke nyumbani. Mwaka 1994 Rais Mary Robinson alifungua pale Makumbusho ya Taifa ya Njaa. Orodha za nauli, notisi, majina ya waliopanda meli, vyote vilitoka kwenye droo za kabaila mwenyewe. Wapangaji wale hawakuacha picha wala makaburi yenye majina. Walichoacha ni mistari katika daftari la mtu aliyetaka kuwaondoa.

Ndugu zangu, yapo madaftari ya namna hiyo na kwetu. Yapo ya mashamba ya mkonge, ya mikarafuu, ya minazi, yameandikwa na makarani ambao ni babu zenu. Kama kuna mtu hapa ambaye juu ya dari kwao kuna sanduku la aina hiyo, namwomba kitu kimoja. Kabla hajaliuza kwa kilo kwa wafunga karanga na maandazi, alilete. Tusome kwanza majina.